Karatasi Iliyobaki Kwenye Mashine

Dada yangu mpendwa,

Mama hajambo, kikohozi kimepungua. Akiba yetu ya sarafu za mtandaoni usiitume kwenye pochi niliyoifungua katika kile kifaa cha kutunzia sarafu hizo. Yale maneno ishirini na manne ya siri ya kuifungua pochi, ambayo akiyapata mtu ataikomba yote, niliyaandika kwa mkono kama ulivyoniagiza. Lakini ukarani ni ugonjwa: nikayatolea nakala ofisini, karatasi nikaisahau kwenye mashine. Mhasibu akaisoma kwa sauti: "Jamani, nani kaandika shairi bovu hivi?" Wote wakacheka, nami nikacheka. Sasa imebandikwa ubaoni. Nitakifuta kifaa, nianze upya kwa pochi na maneno mapya. Binamu anakuletea barua hii mbio kwa sababu simu hupokei. Dada, hujatuma, sivyo?

Mdogo wako anayetetemeka