Makofi ya Mtu Mmoja huko Dilala

Yaya wangu Ngalula, dada yangu mkubwa,

Pokea busu lenye vumbi jekundu la Kolwezi! Ndoa ni tamu, yaya, na mume wangu ni mzuri kuliko nilivyokusimulia. Jana alinipeleka Dilala, kwenye shule aliyosoma, anionyeshe kompyuta walizowekea Linux yeye na wenzake, ule mfumo wa bure ambao kila mtu anaruhusiwa kuufungua na kuurekebisha. Kampuni moja ya mgodi ilikuwa ikiwalipa vijana sita wautunze. Ilipoacha kulipa, wenzake wote walikwenda kuchimba kobalti kwenye machimbo ya Mutoshi, na kompyuta zikagoma kuwaka.

Mmoja wao, Tshibangu, alikuwa anapita na gunia begani. Mume wangu alimbembeleza: "Rudia, ndugu. Hii sisteme ni ya sisi bote."

Tshibangu akanitazama, akacheka. "Ni ya sisi bote, ndiyo. Lakini muke yako, atakula sisteme?" Akaenda zake.

Mume wangu alibaki peke yake, akifuata maelekezo aliyotumiwa bure na mtu wa Brazili ambaye hajaonana naye kamwe. Alasiri zikawaka zote! Akageuka kuona nani anafurahi, akanikuta mimi tu. Nilipiga makofi mpaka viganja vikaniuma.

Ndipo mkuu wa shule akaingia, akasema chumba hicho cha kompyuta amekwisha kumpa mnunuzi wa madini, aweke magunia yake kuanzia Jumatatu.

Mume wangu alizima kompyuta moja moja, taratibu. Sijawahi kumpenda vile.

Mbusu Mama, na mtuombee.

Mdogo wako, Kapinga