Majina Kumi na Moja ya Timu ya Ruiru

Thika, Jumapili mchana

Kwa dada yangu Nekesa,

Mimi mdogo wako ni mzima wa mwili. Hilo nalitanguliza ili Mama asikae roho juu wakati unamsomea. Nakula, nalala chini ya paa lisilovuja, na kazi bado ninayo. Nanyi je? Goti la Mama limepoa, au bado linamsumbua akishuka mtoni? Shemeji alikuwa na kikohozi uliponiandikia, natumaini kimekwisha. Wimbi mmevuna, au ndege wamewatangulia tena? Niambie pia kama yule ng'ombe mwekundu amezaa, maana niliota amezaa mapacha.

Mpaka hapa msomee Mama kwa sauti. Yanayofuata yasome peke yako kwanza, kisha uamue mwenyewe utamwambia nini. Barua hii sikuitia posta. Watu husema barua za huku hufunguliwa njiani, nami siku hizi naamini kila kinachosemwa na watu. Nimempa Mwalimu Simiyu, anayerudi huko kwa gari-moshi, naye ameniahidi ataitia mkononi mwako.

Uliniuliza mbona nimenyamaza miezi miwili. Mwanzo niliogopa hizo barua zinazofunguliwa, dada, na siku hizi kumi nimeogopa zaidi. Nitakueleza.

Unakumbuka nilikuandikia habari za rafiki yangu Ndung'u, Mkikuyu mmoja niliyekuwa nikifanya kazi naye pale kiwanda cha ngozi. Yeye ni mwenyeji wa Ruiru, analala na mkewe kwenye shamba la kahawa, na kila asubuhi alikuwa anakuja Thika kwa baiskeli, kitabu chake cha pasi kikiwa mfukoni. Sisi wawili tulikuwa tunavuta ngozi kutoka kwenye mashimo ya chokaa, na mchana tulikaa pamoja juu ya magunia ya magome ya miwati ya kutengenezea ngozi, pamoja na Mkamba mmoja, Mutua, mtu mzima ambaye ndiye aliyetupikia chai. Hapo ndipo tulipokuwa tunabishana kuhusu mpira.

Dada, ungetusikia ungecheka. Timu yetu ya Thika ilikuwa haijashinda tangu mvua za masika. Kipa wetu ni mpishi wa Mhindi mmoja, na mpira ukija kwa nguvu yeye huuachia njia kwa heshima. Timu ya Ruiru, ambayo Ndung'u alikuwa katibu wake, ilikuwa mbaya zaidi. Walikuwa wamefunga goli moja tu kwa muda wote huo, na hata hilo, kipa wa upande wa pili alikuwa anafukuza ng'ombe aliyeingia uwanjani. Basi tuliposhindwa kutetea timu, tulitetea miji. Mimi nilimwambia Thika kuna viwanda, maduka, reli, na maporomoko ya Chania ambayo watu hutoka Nairobi kuja kuyatazama. Ruiru gari-moshi husimama kwa sababu tu limechoka. Naye alisema Thika inanuka ngozi mbichi mpaka kwenye chai, lakini Ruiru kahawa ikichanua, hata mtu mwenye njaa hutembea pole pole ili anuse. Mutua alikuwa anatusikiliza huku akichochea moto, halafu anasema tunagombania mzoga.

Timu hizi mbili zilikuwa zikutane hapa Thika siku ya Jumapili. Ndung'u alileta majina ya wachezaji wake niyaandike kwenye karatasi safi, ya kupelekwa kwa bwana anayetoa ruhusa ya mkutano, maana mwandiko wake ni kama kuku amepita. Nikayaandika kumi na moja yote, na mbele ya kila jina nikaweka mahali pake: mlinzi wa kulia, mlinzi wa kushoto, mshambuliaji wa kati, na kadhalika. Akaikunja karatasi akaiweka ndani ya kofia.

Mchana huo tulibishana kuliko siku zote. Ndung'u alisimama juu ya gunia, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Jumapili tunaingia Thika watu kumi na mmoja, na Thika tutaimaliza."

Tulicheka. Sikufikiria jambo lolote. Lakini hii ni Hali ya Hatari, dada, na huku si kama kwetu. Huku mtu akitoka kununua chumvi hajui kama atarudi. Lori huja, askari huruka chini, na Wakikuyu wote huambiwa wachuchumae mikono ikiwa kichwani. Halafu huletwa mtu aliyefunikwa gunia kutoka kichwani mpaka magotini, limetobolewa mahali pa macho, na watu hupitishwa mbele yake mmoja mmoja. Akitikisa kichwa kukubali, wewe umekwisha. Hakuna anayejua ni nani ndani ya gunia. Anaweza kuwa jirani yako.

Kesho yake, siku ya Alhamisi, lori lilisimama kwenye lango la kiwanda wakati wa chai. Nani alipeleka maneno sijui mpaka leo. Walikuja moja kwa moja kwa Ndung'u. Wakamvua kofia, karatasi ikaanguka. Sajini akaiokota, akasoma majina: mlinzi, mlinzi, mshambuliaji, mshambuliaji. Akauliza ni nani aliyeandika.

Dada, nilikuwa nimesimama mbali na yeye kama hatua tano, kikombe mkononi. Ndung'u alinitazama mara moja tu, kisha akatazama chini akasema ameandika yeye. Wakampiga kofi la sikio akaanguka, wakamtupa ndani ya lori. Mimi je? Nilikunywa chai. Nakuambia hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Niliinua kikombe nikanywa, ili mikono yangu ipate cha kufanya.

Mutua alinishika bega baadaye, akaniambia maneno ya mtu mzima. Alisema, "Wewe si kabila lao. Hapa hakuna mtu anayekutafuta. Usijitafute mwenyewe." Nikaona amesema kweli. Usiku mzima na Ijumaa yote nilijiambia hivyo hivyo. Lakini kila nilipoona jina langu, nililoliandika mwenyewe kwenye kadi ya kazi, nilidhani mtu atatambua mwandiko.

Jumamosi asubuhi mkewe alikuja langoni. Anaitwa Wambui. Alikuwa ametembea kutoka Ruiru, mtoto mgongoni, na pasi ya siku moja tu. Aliuliza watu wa langoni yuko wapi Mluhya wa mpira. Wakanileta. Nilidhani atalia au atanitukana. Hakufanya lolote. Aliniuliza tu ile karatasi ilikuwa ya nini, kwa sababu yeye hajui kusoma, na huko Ruiru watu walikuwa wanasema mumewe amekutwa na orodha ya kiapo, ya watu walioapa kupigana na serikali.

Nikamwambia ilikuwa timu ya mpira.

"Nani anajua hivyo?" akauliza.

Nikamwambia Mutua anajua. Nami najua.

Akamgeuza mtoto upande wa pili wa mgongo, akasema, "Basi si uwaambie?"

Akarudi barabarani, maana pasi yake haikumruhusu kukawia.

Kazi ilipofungwa saa sita, nilienda kwa miguu kwenye kambi ya askari walikomfungia Ndung'u. Nilisimama mara tatu njiani. Mara ya tatu niligeuka nikarudi mpaka kwenye daraja, nikakaa ukingoni, nikakumbuka ninyi nyote, nikasema hapana, mimi nina mama. Halafu nikainuka nikaenda. Usiniulize kwa nini, maana si ujasiri. Nadhani niliogopa zaidi kumwona Wambui tena pale langoni.

Ndani ya seng'enge wanaume walikuwa wameketi kwenye vumbi kwa mistari, jua likiwapiga, na hakuna aliyeinua macho. Sikumwona Ndung'u. Nilipelekwa kwenye hema la afisa, Mzungu kijana aliyekuwa amebabuka pua kwa jua. Sajini yule yule alikuwa karibu naye. Nikasema nimekuja kwa ajili ya karatasi, niliiandika mimi, na ni ya mpira. Nilisema haraka, kabla sijabadili nia.

Afisa akanipa kalamu, akaniambia niandike majina yale tena, ili alinganishe. Nikaandika. Lakini mkono ulitetemeka, dada, herufi zikaenda huku na huku. Akazilinganisha na zile za kwanza, akasema mwandiko si huo, mimi ni mwongo, na kwa nini mtu wa mbali aje kusema uongo kwa ajili ya Mkikuyu? Nikaona nimejichimbia shimo. Nikaomba niandike mara ya pili. Nikaushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, nikaandika herufi moja moja, kama ulivyonifundisha wewe kwenye mchanga nyuma ya jikoni. Nilichukua muda mrefu. Jasho lilidondoka kwenye karatasi.

Alitazama sana. Kisha akauliza, kwa Kiswahili chake, "Watu hawa kumi na moja wanakuja Thika kufanya nini?"

Nikajibu, "Kufungwa, bwana."

Akainua uso. "Nani atafunga wao?"

"Sisi, bwana. Watu wa Thika."

Neno lilipokwisha kutoka ndipo nilipojua nimesema nini. Afisa akaweka mkono kwenye bastola yake, polepole, na mimi nikahisi maji ya moto yakishuka mguuni. Nakuambia wewe tu. Usimwambie shemeji.

Sajini ndiye aliyeniokoa. Alikuwa mtu wa pwani kwa lafudhi yake. Akamweleza afisa kuwa kufungwa ni kwa magoli, si kwa minyororo, ndivyo watu wa mpira wanavyosema. Kisha akauliza mlinzi wa kushoto ana kasoro gani. Nikamwambia akipiga mpira hufumba macho. Akauliza na goli lao la pekee lilipatikanaje. Nikamsimulia habari ya ng'ombe. Sajini akamgeukia afisa, akasema yule aliyekamatwa amesema hayo hayo, neno kwa neno, hata alipokuwa anapigwa, nao walidhani anawadhihaki.

Sikuachiliwa hapo. Nilipelekwa nje nikaketishwa na wengine, halafu nikapitishwa mbele ya mtu wa gunia. Kwa nini, hawakuniambia. Nilisimama mbele ya yale matundu mawili. Macho yalikuwa mekundu na yalipepesa sana, na nilisikia anapumua. Nadhani hata yeye alikuwa anaogopa. Kisha gunia likatikisika kukataa. Wakaniambia niende nyumbani.

Ndung'u aliachiliwa Jumatano. Kiwandani hakurudi. Kitabu chake hakigongwi muhuri tena wa kuja Thika. Amewekwa palepale shambani Ruiru. Mechi haikuchezwa, na mikutano yote ya mpira imekatazwa mpaka tutangaziwe.

Jana niliazima baiskeli ya Mutua nikaenda kumwona. Nilipita mashamba ya mkonge ya Juja bila kukutana na mtu hata mmoja, nikawa nageuka nyuma kila mara. Laini zao, zile safu za nyumba za wafanyakazi, sasa zimezungushiwa seng'enge. Nilimkuta ameketi mlangoni, Wambui anamwosha sikio kwa maji ya chumvi. Sikio hilo halisikii tena. Nililia nilipomwona, yeye hakulia. Aliniuliza habari za Mutua, akaniuliza kama ngozi bado zinanuka. Nilitaka nimwombe msamaha kwa ile chai, lakini nilianza vibaya, na yeye akainua mkono kunizuia.

Akasema, "Si mimi wa kuzungumziwa sasa. Karatasi ilikuwa na majina kumi na moja."

Hapo ndipo nilipoambiwa jambo ambalo sikuwa nalijua. Siku ile ile ya Alhamisi, kabla mimi sijaamua lolote, lori lilikuja Ruiru na karatasi yangu. Wakaita majina mstari kwa mstari. Wengine walikuwa safarini, wengine wakajificha, lakini watatu waliitika, kwa sababu walidhani ruhusa ya mechi imetoka. Kipa, mlinzi wa kushoto, na mshambuliaji wa kati. Hawajarudi. Wake zao walikuja wakasimama nje ya mlango wa Ndung'u nilipokuwa ndani, hawakuingia, walinitazama tu.

Kesho Jumatatu nimeomba ruhusa kazini. Nitarudi kambini kuwasemea hao watatu. Mutua anasema mara ya kwanza nilikuwa na bahati, na bahati haiendi kwa mtu mmoja mara mbili. Hakukasirika aliposema, alikuwa ananiogopea. Nami naogopa, dada. Naogopa wakati huu kuliko mara ya kwanza, maana sasa najua kuna nini ndani. Sijui kama sajini yule yuko bado, au amehamishwa. Lakini majina yale yalisomeka kwa sababu yangu, na hakuna mtu mwingine anayeweza kusema aliyaandika.

Mama mwambie niko salama na nitakuja Krismasi. Msalimie shemeji, na mwambie apunguze tumbaku. Msalimie mjomba wetu wa Kimilili, na yule shangazi anayesema nimekuwa Mzungu. Mwambie bado nakula kwa mkono. Mwombe mzee wa kanisa aniombee, bila kumweleza kwa nini. Watoto wako wabusu wote, hata yule mdogo zaidi, ambaye sijamwona.

Nikitoka kambini kesho nitakuandikia siku hiyo hiyo, hata mistari miwili ya posta isiyosema lolote. Hesabu siku za posta. Zikipita mbili zaidi na hujapata kitu, mtume shemeji aje Thika, amwulize Mutua wa kiwanda cha ngozi. Wewe usije.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Wafula