Nyota za Bi Mkubwa

Jumatatu, 20 Januari
Nimepata! Kituo cha darubini kule mlimani wamenichukua. Niripoti Jumatatu ijayo. Ujumbe nimeusoma huku nakaanga vitunguu, vikaungua. Mama mkwe, Bi Mkubwa, akauliza nani anachoma nyumba.

Sijamwambia. Tangu mwanawe, mume wangu, afariki, tumebaki wawili humu ndani: mimi, na Bi Mkubwa na jicho lake la kunichunga. Ila Jumamosi wifi anakuja kumchukua akaishi kwake. Walishakubaliana. Nivumilie tu.

Jumanne, 21 Januari
Giza lilipoingia nikampandisha juu ya paa. Huruma zangu hizo — mama wa watu anaondoka, miaka yote ananisikia nakokota darubini juu ya kichwa chake, hajawahi kuchungulia. Nikamwekea lile wingu la Orioni, chini ya zile nyota tatu za mkanda. Nikamweleza kwamba mle ndani nyota zinazaliwa. Nikadhani kasinzia, kumbe analia. Eti linafanana na pumzi ya mtu asubuhi ya baridi.

Nilifurahi.

Jumatano, 22 Januari
Leo kapanda mwenyewe, magoti yanamlia. Kilimia, kile kishada cha nyota. Kisha Mshtarii, ile sayari kubwa, na miezi yake.

Darubini yangu haina mota. Anga linakwenda, nyota haikai kwenye kioo, lazima mtu aisogeze. Mikono yake inatetemeka. Akigusa tu, tumepotea. Basi kazi ni hiyo. Mwanangu, imetoka. Nasogeza. Imetoka tena. Nasogeza.

Hajawahi kuniita mwanangu. Hata kwenye harusi.

Ijumaa, 24 Januari
Mawingu. Nikamwambia habari ya kazi. Kanipongeza vizuri tu, akapuliza chai yake. Halafu anasema kwa wifi haendi tena. Kule taa za barabarani zinaingia mpaka chumbani, ataona nyota gani? Nikamuuliza, sasa hapa atabaki na nani? Akanishangaa. Na wewe, si ndiyo? Kazi zipo tu, mwanangu, mimi ndiye wa kuondoka duniani.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Angenitukana ningeondoka hata leo, tena bila kuaga. Lakini kupendwa huku! Nimekwama, na nina hasira, na nimemtandikia kitanda kama kawaida.

Jumamosi, 25 Januari
Wifi yuko chini, kwenye gari. Mabegi ya mama keshayapakia. Hataki kupanda, anasema mama siku hizi ananisikiliza mimi, nimwambie ashuke. Ni kweli. Nikisema tu, atashuka.

Nimekaa huku juu ya paa kwenye ndoo iliyofudikizwa, naandika kwa mwanga wa simu. Anga safi, hakuna mwezi. Bi Mkubwa kajitanda shuka, jicho kwenye kioo, anacheka peke yake. Honi. Anajifanya hasikii. Na mimi pia.

Honi tena. Keshokutwa natakiwa mlimani. Neno liko mdomoni: mama, tushuke.

Anasema, mwanangu, imetoka.

Ngoja kwanza nimsogezee —