Pikipiki Imenyamaza

Matinyani, Jumamosi

Lakini si pasta mwenyewe alitaka kelele iishe? Leo nimeimaliza, hapa nyuma ya jikoni. Nimefungua ekzosi ya pikipiki, nikatoa kile kibomba cha ndani kilicholiwa na kutu, nikaweka kipya. Sasa inanguruma kama paka ameshiba. Nikaenda kuijaribu hadi sokoni, najivunia kabisa.

Niliporudi, nani alikuwa mlangoni akichambua pojo? Mama mkwe.

Kwetu Wakamba mwanamume hakutani na mama mkwe hivyo, ni aibu. Kila akija kumwona Mwende, mke wangu, hunisikia nikiwa bado mbali na kuondoka kwa heshima zake. Leo alirusha ungo, akajifungia kwa banda la kuku. Mimi nikaruka nyuma ya tangi la maji. Watu wazima!

Mwende alicheka hadi akakaa chini. "Mama anasema hatoki mpaka asikie umeenda."

Nikawasha, nikaenda hadi barabarani, nikampigia simu.

"Bado yuko ndani," akasema. "Hajasikia kitu."

Ikabidi nipige honi bila kuachilia, kutoka hapo hadi mlangoni kwa pasta.