Kifungo cha Koti kwenye Gitaa la Baba

Nyumbani kwetu, kwenye meza ya kushonea,
Jumapili, 15 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, Bwana Kesho,

Hujambo huko uliko? Kifua kinaendeleaje na baridi hiyo? Wifi yangu na watoto ni wazima? Sisi huku hatujambo. Mama goti humsumbua asubuhi, lakini ikifika saa nne ameshalisahau na anatusimamia sote kama kawaida yake. Ameniuliza naandika nini, nikamwambia ni orodha ya vitu vya dukani. Kwa hiyo nimeshadanganya kwa ajili yako.

Najua hukutegemea barua yangu. Ile ya Januari ilikuwa kali mno, na tangu hapo umeingia mitini. Nilikuandikia kwamba mtu aliyeshindwa kuja kumzika baba yake asijisumbue kutuandikia. Kila nikiyakumbuka maneno hayo naona haya. Lakini leo si haya peke yake inayonifanya nishike kalamu. Kuna jambo limetokea makumbusho, na sina wa kumweleza isipokuwa wewe.

Unayakumbuka makumbusho yetu ya muziki, Baba alikokuwa akitupeleka Jumamosi akishafunga cherehani? Ile ngoma kubwa bado iko mlangoni, pamoja na kibao cha kukataza kugusa, ambacho wewe ulikuwa unakigusa kwanza ndipo uguse ngoma. Chumba cha santuri wamekipaka rangi mpya, ila harufu ni ileile ya vumbi na mafuta ya mbao. Sikuwa nimekanyaga pale tangu mwaka jana tulipowakabidhi gitaa la Baba. Ijumaa mtunza ala alinipigia simu akaniomba nifike, nikaenda jana asubuhi. Ni mama mmoja mpole, ana miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani, na huwa anaitafuta ya tatu. Safari hii sauti yake haikuwa na utani.

Alinieleza kwamba gitaa lisilopigwa hulegezwa nyuzi, la sivyo shingo yake hupinda. Basi alilegeza zote sita, akafunga kabati la kioo, akatia ufunguo mfukoni. Baada ya wiki kadhaa akakuta zimekazwa. Akalegeza, zikakazwa tena. Amebadilisha kufuli mara mbili, na mlinzi mmoja ameomba ahamishiwe geti la nje. Linalomtisha zaidi ni kwamba hazikazwi ovyo. Uzi mnene unashushwa sauti kidogo, chini kuliko anavyoushusha mpigaji yeyote anayemfahamu yeye.

Mimi na wewe tunamjua aliyekuwa akikaza hivyo. Sikumwambia. Nilimwomba azilegeze mbele ya macho yangu. Akageuza vigingi vitano vya kukazia nyuzi, na kile cha sita kilichokatika, ambacho Baba alikigundishia kifungo cha koti. Akafunga, ufunguo akanipa mimi. Tukaenda ofisini kwake, hatua ishirini tu, akanionyesha daftari lenye tarehe zote alizokuta nyuzi zimekazwa. Nilikuwa nazinakili nyuma ya bahasha niliposikia uzi mmoja ukilia polepole, mlio ukipanda, kama mtu anayeutafuta hadi aupate. Kisha wa pili. Mama yule akanishika mkono. Tulihesabu mpaka watano, kukawa kimya. Ilikuwa saa tano kasorobo asubuhi, jua limejaa ukumbini, na watoto wa wageni wanacheka chumba cha pili.

Kabati lilikuwa limefungwa. Ufunguo ulikuwa kiganjani mwangu, umelowa jasho. Nyuzi tano zilikuwa zimekazwa, na wa sita, ule mwembamba wa kwenye kifungo, bado umelala.

"Mwanangu," akaniuliza mtunza ala, "huyu mtu anataka nini hapa?"

Nilimrudishia ufunguo, nikaaga. Jibu nililipata njiani, nikasimama pale pale barabarani. Ulipoondoka, Baba alilegeza nyuzi za gitaa akalitundika juu ya cherehani. Hatukukueleza haya kwa sababu tuliyaona ni vituko vya mzee. Siku mojamoja aliacha suruali ya mtu katikati ya mshono, akalishusha, akakaza uzi mmoja mmoja, akasema, "Kijana anaandika." Mama alimcheka mpaka mbavu zikamuuma. Wiki mbili tatu baadaye barua yako inafika, na hakuna aliyefikiria kuangalia tarehe.

Jana nimeziangalia. Nilichukua kopo la biskuti ambamo Mama anatunza barua zako, nikakaa sakafuni na bahasha yangu. Daftari lile lina tarehe nane. Sita kati ya hizo nimezikuta kwenye kopo, kwa mwandiko wako, pembeni juu. Nikarudia kuzilinganisha mara tatu. Mbili hazina barua: 2 Machi na 20 Aprili. Ya jana ni ya tatu.

Sasa usinifiche, mdogo wangu. Uliandika nini siku hizo, ukashindwa kutuma?

Kama ni maneno yangu yaliyokuzuia, nilikosea. Nilikuwa na uchungu wa msiba nikautua wote juu yako, wala sikukuuliza kilichokufanya usije. Nisamehe. Baba hakukukasirikia. Mtu aliyekasirika hahangaiki na nyuzi kiasi hicho. Naogopa, sikatai. Naandika mlango ukiwa wazi, na ukutani juu ya cherehani sitazami.

Mama anakusalimu, ingawa hajui nakuandikia. Salamu zako anazitoa kila siku kwa yeyote anayepita. Shangazi wa duka la vitambaa anauliza kama bado unapiga chafya ukitaka kusema uongo. Msalimie sana wifi na unibusie watoto. Mungu awafunike huko mliko, na njia ya kurudi aiweke wazi.

Mtunza ala alitaka tuliondoe gitaa. Nimemwomba aliache lilivyo, asilegeze kitu. Baba siku zote aliumalizia ule mwembamba, na jana hakuufikia, kwa hiyo najua barua ya jana uliiacha katikati. Imalizie, hata kama ni ya kunitukana, uitume. Au njoo mwenyewe, ukigeuze kile kifungo.

Ni mimi dada yako,
nikupendaye hata ukininunia.