Ngombe ya Carton na Mbao za Papa Kambale

Liège, siku ya Mungu, nyuma ya misa

Dada Furaha, mukubwa wangu mwenye alinibeba ku mugongo wakati Mama alikuwa mu shamba,

Nakusalimia na mikono mbili. Ile goti ilikuwa inakuuma, imepoa kidogo? Mvua imewaachia njia kule Ntoto kwa Mujomba, ao mungali munazungukia mu pori? Watoto wanasoma, ao nyumba ya masomo ingali imejaa watu wa kukimbia vita? Na Mujomba, kifua inamupa pumuzi? Mimi, mwili iko muzima. Baridi imeanza huku, miti imebakia mifupa. Lakini roho haiko muzima, na leo njo siku ya kukuambia juu ya nini.

Ulinitumia habari kama mwezi wenye unakuja mutashuka Kirotshe kumaliza matanga ya Mama. Ukasema: "Kama hauwezi kuja, Bauma, tuma hata neno, Mujomba ataisoma mbele ya watu." Dada, neno njo hii. Ni murefu, na ni mubaya. Uisome kwanza weye peke yako, na uikale chini.

Unakumbuka ile nyuma ya saa sita, kule kwetu Bihambwe, wakati watu wa bunduki walikula ngombe saba za Papa. Papa alisimama na fimbo yake, akiwaangalia wanachinja hata ile yenye ilikuwa na mimba. Kisha akaniambia: "Bauma, mali yenye inalia, mwizi anaisikia." Ile neno ilinifuata mupaka huku Ulaya.

Huku natumikaka mu depo, tunapanga macarton ku ma étagère, zile mbao za kupangia vitu. Kuko carton moja kubwa sana, na ndani ni matofari ya plastiki, madogo kama punje ya mahindi, yenye yanashikana bila udongo wala simiti. Unajenga nayo nyumba, meli, gare ya train. Mwanzo nilifikiri ni muchezo wa watoto. Tunatumika na kijana mumoja wa Kinshasa, jina yake Willy. Siku moja akaniuliza:

"Muzee wangu, vieux Bauma, hii inauzwa ngapi?"

"Euro makumi mbili."

Alicheka mupaka akashika tumbo. "Makumi mbili! Weka mia ine juu yake! Na si watoto njo wananunua. Ni wazee kama weye, wa upara na miwani."

"Basi Wazungu wamekosa kazi," nikamuambia.

"Si Wazungu tu, vieux. Hata mimi niko nazo mbili chini ya kitanda. Usine inazitengeneza myaka kidogo, kisha inaacha. Kama haukuifungua, kama haukuigusa, inaanza kuzaa. Bei inapanda mara mbili. Ni ngombe ile! Ngombe ya carton. Haikule majani, hailie."

Hailie. Dada, ile siku nilisikia kama Papa njo alikuwa anasema mu kinywa ya Willy. Nikanunua moja, nikaificha mu kabati. Nyuma ya mwaka nikaiuza, nikapata faida ya kweli. Nikanunua mbili. Kisha ine. Chumba yangu ikakuwa kiraro ya ngombe. Kuingia ni upande upande, kulala ni kukunja magoti. Wakati ulikuwa unaniambia kama muko na shida, nilikuwa nasema huku mambo ni nguvu. Haikuwa uongo yote. Ngombe ni nguvu kuilisha, hata ya carton.

Lakini nitakuambia pia kitu yenye nilificha hata kwa Willy. Siku moja carton ndogo ilipasuka kwa kona, bei yake ikaanguka, nikasema acha niifungue basi. Kuko kitabu ndani bila maneno, picha tu. Unatafuta kipande, unaisukuma, inalia "tap", inashika. Nilijenga toka misa mupaka chakula ya mangaribi, bila kusikia njaa. Juu kwetu, dada, kila kitu inakosaka kipande. Masomo bila mabati, nyumba bila mulango, chakula bila chumvi, famille bila Papa. Kumbe huku kuko kitu yenye haikose hata kipande moja. Kila moja iko na fasi yake, na kitabu inakuonyesha. Toka ile siku haikukuwa tena biashara tu. Nilikuwa naangalia macarton yenye imefungwa gisi mulevi anaangalia chupa.

Sasa tufike kwa kosa.

Ulinipigia simu toka Bihambwe. Bunduki ilikuwa imefika ku kilima ya ngambo. Ukasema: "Mama hawezi kutembea. Tuma franga ya kumubebesha mupaka Kirotshe, na ya chumba kidogo karibu na hospitali. Haraka, mutoto wa mama." Nikakuitikia: "Kesho." Na franga nilikuwa nayo, dada. Ilikuwa mu bahasha, ndani ya Biblia.

Ile kesho, ku depo walitosha carton ya château moja, ngome ya wafalme wa zamani, na minara, na daraja yenye inapanda na kushuka. Vipande elfu ine na zaidi. Zilibakia tatu za mwisho, usine imeacha kuzitengeneza, na sisi watumishi walitupunguzia bei. Nikasema mu roho: Mama atakuwa kwa watu ya parokia, wiki mbili mupaka mushahara si kitu, na hii ngombe itazaa kuliko zote. Nikafungua Biblia, nikatosha bahasha.

Kisha nikakupigia nikakuambia: "Nimetuma. Nimeipatia ndugu ya Papa Kambale."

Unajua gisi tunatumianaka. Huku unamupatia ndugu yake, mu duka yake ya unga na samaki ya chumvi, yeye anapiga simu Kirotshe, na weye unapokea kwa duka ya Papa Kambale. Hakuna karatasi. Hawa watu ya Butembo, mudomo yao njo karatasi. Ile njo nilitumikisha kwa kujificha.

Mulimubeba Mama mu tipoy, ile machela ya miti, siku mbili, munafika kwa duka, Papa Kambale anasema hakuna kitu. Akanipigia mbele yenu. Mulisikia maneno yake, lakini yangu hamukuyasikia. Mimi nilikuwa mu bus, château ku magoti, ile siku njo depo ilinipatia.

"Papa Bauma, jambo. Mama yako iko hapa kwa baraza yangu, na dada yako. Wanasema ulipatia ndugu yangu franga. Ndugu yangu anasema hakukuona toka Pasaka. Niambie tu nani amesahau. Kama ni weye, sema, hakuna kosa, nitawapatia mimi, utalipa siku yenye utaweza."

Dada, soma tena ile fasi. Alinifungulia mulango. Ilikuwa tu kusema: ni mimi. Bus ilikuwa imejaa watu wenye hawasikie hata neno moja ya Kiswahili. Nilikuwa nasikia haya juu ya nani?

"Nilimupatia," nikajibu. "Muulize muzuri."

"Papa Bauma…"

"Nilimupatia, nasema!" Nikakata.

Siku yenye ilifuata, réseau ya simu ikakufa kule yote. Napiga, hakuna. Napiga, hakuna. Nikafungua ile château, yenye haikupaswa kufunguliwa. Siku kenda, kila mara nikitoka kazi, nilikuwa najenga. Siku kenda zile, Mama alilala siku ine kwa baraza ya duka, na upepo ya ziwa, na mvua, na hospitali ikamupokea kifua imeshajaa. Nilikuwa natia bendera ya mwisho ku munara wakati simu ililia, ukaniambia: "Bauma, Mama ametuacha."

Ukanielezea: réseau ilirudi wakati mulishamuzika. Ukasema ulimulilia Papa Kambale "Mwizi!" katikati ya soko, watu wakapokea ile neno, wakaacha kununua kwake. Na ukasema siku ya kuzika alikuja na mbao sita ya libuyu, ule muti wa nguvu, zimepigwa randa muzuri, za kutengenezea Mama sanduku. Na weye ukamuambia: "Rudisha mbao yako! Mama yetu hatalala mu franga yake mwenyewe yenye uliiba!" Mukamuzika Mama mu mukeka.

Wakati unasema ile, macho yangu ilikuwa ku mulango ya château. Imetengenezwa na vibao kidogo ya rangi ya mbao, moja kwa moja, hakuna hata moja yenye inakosa.

Na unakumbuka nilikujibu nini? Nilisema: "Mulifanya muzuri, dada."

Zile mbao zilikuwa safi. Ile mutu hakukula kitu yetu. Franga ya Mama niliikula mimi.

Nilienda kuungama kwa padri. Akanisikiliza mupaka mwisho, kisha akasema: "Mungu amesikia. Lakini si Mungu njo uliachia watu waite mwizi." Nikarudia kwangu, nikaanza kuuza. Zile zimefungwa zilienda upesi. Château, juu ilifunguliwa, nilipewa kipande ya bei. Willy akaniuliza:

"Vieux, umechinja kundi yote? Mbele ya kuzaa?"

"Ilishazaa," nikamuambia.

"Ilizaa nini?"

Nikahesabu franga, nikaitia mu bahasha.

Franga yote niliibeba kwa ndugu ya Papa Kambale, kwa duka, nikamuambia kila kitu nikisimama. Alitia mukono juu ya ile bahasha ku meza ya duka. Akasema: "Unajua kaka yangu aliniuliza mimi kama niliiba? Kaka yangu mwenyewe! Mwaka wote hatukuongea." Nilifikiri atanipiga. Akachukua simu, akaita Kirotshe mbele yangu. Sijue walisema nini, walisema Kinande, luga ya kwao. Lakini niliona yule baba anageukia magunia ya unga, anapanguza macho na mukono yenye unga. Mimi nikatoka, juu pale haikuwa fasi yangu.

Basi franga imefika, na hii mara ni ya kweli. Ya matanga muchukue. Yenye inabakia, mumuombe Papa Kambale aichukue juu ya duka yake. Akikatala, muache kwa parokia. Lakini yeye na ndugu yake kujua haitoshe. Soko yote ilisikia "mwizi", ni soko njo inapaswa kusikia nyingine.

Njo maana nakuomba, dada. Siku ya matanga, mumuite. Wakati Mujomba atasimama kuuliza gisi anaulizaka, "Nani iko na neno na marehemu?", umupatie hii barua. Aisome kwa sauti, na ile ya bus, na ile ya "mulifanya muzuri". Asiruke kitu. Kama famille inasema nisiitwe tena mutoto wa ile nyumba, nitakubali. Kama weye hautake tena kunipigia simu, nitakubali pia, lakini ile itaniua polepole.

Nisalimie Mujomba, mwenye alifungua nyumba yake ya Ntoto kwa watu wote wale bila kuuliza. Nisalimie bwana yako, mwenye alishika tipoy upande ya mbele siku zote mbili. Watoto, uwaambie mujomba wao wa Ulaya hatatuma matofari ya plastiki yenye nilikuwa nimewaahidi. Mama Mwiza, jirani wetu wa Bihambwe, mwenye aliosha mwili ya Mama, umushike mikono juu yangu.

Papa Kambale, usimusalimie kwa jina yangu mbele ya barua kusomwa.

Kitu moja ya mwisho. Uliniambia ukicheka kama na zile mbao sita Papa Kambale alitengeneza kiti murefu, ameiweka mbele ya duka, na toka ile siku hakuna mutu anaikalia, wanasema ni kiti ya mwizi. Dada yangu, kama matanga imeisha, shuka ku soko, saa yenye watu ni wengi. Usinunue kitu, usiseme kitu. Uikale pale. Uegemeze mugongo, unyooshe ile goti yako, na uachilie watu wakuone.

Mudogo wako mwenye alisema uongo,

Bauma