Weusi wa Shingoni

Kisiwani Vava'u, Jumatatu

Mwanangu Kalesita,

Sisi tupo. Nguruwe amezaa, na shangazi yako bado anaimba kanisani kama jogoo mwenye mafua. Umeniomba mafuta ya nazi ya kusugulia weusi wa shingoni mwako. Sitatuma, mwanangu. Nimeogopa.

Nilimwonyesha nesi Pisila picha yako. Akasema, "Mama, huo si uchafu. Huenda mwili wake umeanza kuikaidi insulini, ile inayoshusha sukari, hivyo huitoa zaidi na zaidi. Ikizidi damuni, figo hung'ang'ania chumvi, mishipa hukaza, presha hupanda. Sukari na presha ni ndugu."

Baba yako ana weusi uleule. Dawa ya sukari alikunywa, ya presha akaicheka: "Presha gani, mke wangu, mbona siumwi?" Jumapili moja, baada ya ibada, kiharusi kikampiga, mdomo ukamwenda upande. Hata jina langu halimtoki. Tulikuficha hayo kwa sababu una mimba.

Ukimaliza kusoma, nenda ukapimwe sukari na presha, kisha unipigie. Hata kama majibu ni mabaya, niambie. Baba yako namlisha kwa kijiko, lakini wewe uko Okland, ng'ambo ya bahari, mkono wangu haufiki.

Mama yako anayekuombea,
Lavinia